Mdiria Mbele ya Kitambaa Chekundu

Amri ilikuwa moja, na kila mtu katika Kitengo aliijua kabla hajafundishwa kushika bastola: ukiwa jicho la mwenzako, hugeuki. Aliyegeuka alirudisha silaha, wala hakungoja kuombwa.

Mwewe aliijua kama alivyolijua jina la mama yake.

Alikuwa amepiga goti katikati ya matete, kando ya bwawa, viwiko vimebanwa mbavuni. Kiganjani alishika Nikon ndogo yenye lenzi ndefu kama mkono wa mtoto. Hakubeba miguu ya kusimamishia kamera, maana mpiga picha za ndege anayeshika kamera kwa mkono hugeuka upesi, tena hashukiwi na mtu.

Ng'ambo ya maji palikuwa na nyumba ya wauza baruti. Jikoni mwa nyumba hiyo, akijifanya mpishi, alikuwamo jasusi ambaye Kitengo kizima kilimwita Shangazi kwa sababu ya ulimi wake wa kukaripia. Walikuwa wamekubaliana hivi: kitambaa cheupe kwenye kamba ya kuanikia, kaa. Chekundu, wamenigundua, njoo.

Kitambaa kilikuwa cheupe.

Hapo mdiria akatokea.

Akasimama hewani juu ya maji, mabawa yakipiga, kichwa kimetulia tuli. Kwa miaka mingi Mwewe alikuwa ameitamani picha hiyo. Mshika mawili, moja humponyoka. Akabana pumzi, lenzi ikamfuata ndege, kamera ikatema picha mfululizo. Ndege akapaa, akarudi, akapaa tena, kisha akajitupa majini na kuibuka na kisamaki. Mwewe akainamia kioo cha kamera kuona kama manyoya yametoka vizuri pichani.

Yalitoka. Unyoya kwa unyoya.

Nyuma ya bawa, pembeni mwa picha, palikuwa na doa jekundu.

Aliinua macho. Kamba ilikuwa tupu.

"Kiberiti," alimwita redioni mkuu wa kikosi kilichojificha barabarani. "Shangazi amegundulika."

"Tangu lini?"

"Nimechelewa kuona."

"Huku magari matatu yanatoka, yote yamefunikwa turubai. Watu wangu wanatosha gari moja. Nipe lililobeba baruti, ndugu yangu, usinipe hadithi."

Mwewe akanyanyua kamera. Picha ikacheza. Lenzi ndefu haimfichii mtu aibu. Mkono ukitetemeka kidogo, dunia nzima hutetemeka. Akabana viwiko. Akatoa pumzi nusu.

Gari la kwanza liliruka mashimoni kama mbuzi. La pili vilevile. La tatu lilikuwa limeketi juu ya tairi zake za nyuma, na dereva wake alikwepa hata kokoto.

"La mwisho."

"Una hakika?"

"La mwisho, Kiberiti."

Misumari ikatandazwa. Tairi zikapasuka. Wanaume watatu wakashuka, mikono juu. Baruti iliyokusudiwa kulipasua lango la bwawa haikufika langoni, na mji wa bondeni ukaendelea kuosha vyombo bila habari.

Mwewe hakuwa na la kushangilia. Alikuwa anakimbia.

Alipiga teke mlango wa jikoni. Mlinzi akageuka na kisu. Bastola yake ya Walther ikakohoa mara moja, na mlinzi akaanguka akiukumbatia mguu wake.

Shangazi aliketi sakafuni, amefungwa kwenye mguu wa meza. Vidole viwili vya mkono wake wa kuume vilikuwa vimevunjwa.

"Nilitundika chekundu," alisema. "Nikakungoja mpaka sufuria ikaungua."

Mwewe alikata kamba.

"Jua lilikupiga machoni, kaka?"

Uongo ulikuwa umekwisha kupikwa na kupakuliwa. Alibakiwa na kunawa tu.

"Hapana, dada. Nilikuwa nampiga picha ndege."

Shangazi aliupakata mkono wake ulioumia.

"Ndege gani?"

"Mdiria."

"Ametoka vizuri?"

"Vizuri sana."

"Afadhali. Mmoja wetu leo ametoka vizuri."

Mwewe alitamani ardhi ipasuke immeze.

Ofisini, Mkuu wa Kitengo alimpokea akiwa amesimama.

"Umeuokoa mji. Shangazi hakueleza kwa nini ulichelewa, nami sikumuuliza. Mambo mengine huzikwa, mwanangu."

"Amenyamaza kwa hisani yake, mzee. Hisani si ruhusa."

Akaiweka Walther mezani, mtutu ukimwelekea mwenyewe. Akaweka risasi kando. Akaweka kitambulisho.

Mkuu alivitazama bila kuvigusa. "Unajua nitakupeleka wapi?"

"Stoo ya sare."

"Kupanga vifungo vya makoti mpaka ustaafu."

"Vifungo haviruki, mzee."

Mkuu hakucheka. Alivuta droo, akaitia bastola ndani, akafunga kwa ufunguo.

Mwewe akapiga saluti. Akashuka ngazi bila haraka, mikono mitupu, akauliza mlangoni stoo iko upande gani.