Bega la Mchora Mabango

Tone la rangi nyekundu lilimdondokea kijana mmoja begani, katikati ya msongamano wa wateja mbele ya duka la viatu. Shati lake lilikuwa jeupe pe, limepigwa pasi likanyooka. Akainua macho. Juu ya ngazi alisimama mwanamke wa ovaroli ya bluu na kilemba cha manjano, akimalizia herufi O kwa mkono mtupu.

"Samahani, kaka! Ila na wewe, unapitaje chini ya ngazi macho kwenye simu?"

"Hilo duara umelichora bila kipimo?"

"Mji mzima utafute mwingine anayeweza," akajibu, na hakuwa anajisifu bure.

Kijana alikuwa daktari wa dawa za usingizi. Wiki haikuisha, simu zikaanza. Yeye akamwita "Fundi wangu", naye akaitwa "Bwana Usingizi". Mapenzi yakakolea. Ndipo vijiwe vya nyongo vikamshika Fundi, akajikunja kwa maumivu mpaka akashindwa kupanda ngazi.

"Utapasuliwa kwa matundu madogo tu, mpenzi," Bwana Usingizi alimwambia kwenye simu. "Mwenzangu ndiye atakayekulaza, maana kwako mimi mikono itanitetemeka. Kila tundu litachomwa dawa ya ganzi. Ukiamka, tumbo utadhani la jirani."

"Unaahidi?"

"Naahidi!"

Fundi alipoamka baada ya upasuaji, tumbo lilikuwa kimya kweli. Lakini bega la kulia, bega la brashi, lilikuwa linawaka. Akajaribu kuinua mkono, ukagoma njiani. Moyo ukampasuka. Mkono ule ndio uliomtoa kwenye kuosha ndoo za wenzake mpaka akamiliki ngazi yake mwenyewe. Ukiharibika, atabaki kuwa nani? Simu ikaita.

"Fundi wangu, tumbo vipi?"

"Tumbo halijambo. Bega langu mmelifanya nini? Mwongo mkubwa! Usinipigie tena." Akakata.

Mama yake mdogo, aliyekaa kando ya kitanda, akabetua mdomo. "Umeshamhukumu, na kujitetea hajajitetea. Hakimu gani wewe?"

Hajajibu, mlango ukafunguliwa. Bwana Usingizi aliingia anahema, barakoa inaning'inia shingoni.

"Bega halikuguswa na mtu," alisema. "Tumbo hujazwa gesi ili daktari aone ndani. Inayobaki huchokoza kiwambo kilicho chini ya mapafu, maumivu yakasikika begani. Ganzi ya matundu haifiki huko. Utapewa vidonge, utembee kidogo kidogo, na baada ya siku chache litapoa."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

Akainamisha kichwa. "Nilitaka unione bingwa. Nikaisifia ganzi, nikaficha bega. Nisamehe, mpenzi."

Fundi hakumsamehe palepale. Alimwambia arudi bega likipoa, kwa kuwa yeye huamini mkono wake, si maneno ya mtu.

Alirudi siku ya kumchukua, amevaa lile shati lenye tone jekundu. Fundi, na kilemba chake cha manjano juu ya gauni la wagonjwa, alikuwa ameshashuka kitandani. Akachukua kalamu ya wino kwenye ubao wa wauguzi, akanyoosha mkono juu kabisa, akavuta ubaoni duara moja zima bila kituo. Wodi nzima ikapiga makofi. Fundi alijiona mrefu kuliko ngazi yake.

"Lete kidole," akasema.

Akamchorea duara jingine, jembamba, kuzunguka kidole cha pete.

"Fundi, unaniposa?"

"Nikusubiri wewe mpaka lini? Ila kuanzia leo unaniambia yote, linalouma na lisilouma."

"Basi nianze. Mama yangu mkali."

"Kushinda bega?"

"Bega lina nafuu."

Fundi akaangua kicheko, kisha akashika tumbo kwa mikono miwili. Ganzi ilikuwa imekwisha kitambo. "Usinichekeshe, mume wangu, matundu yanauma!"

Mama mdogo akakohoa. Kila sikio wodini likasimama. Fundi akawatazama wote, kichwa juu, na lile neno "mume wangu" hakulirudisha.