Goti Lililonyamazishwa

Sindano ilikuwa nyembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga, na iliingia kwenye goti la Bibi Tusekile bila kushikwa na mkono wa mtu. Kinyamazishi ndicho kilichoishika. Mashine hiyo ilikuwa na umbo la buibui, miguu sita ya chuma cheupe, na kila mguu ulitafuta mshipa wake wa fahamu, mmoja wa ile mishipa inayopeleka habari za maumivu kwenye ubongo. Ukiupata, unapitisha mawimbi ya redio hadi kwenye ncha ya sindano. Ncha inapata moto, mshipa unaungua mahali padogo kama punje ya ulezi, na habari haipiti tena. Goti lenyewe linabaki limelika vilevile, mfupa unasaga mfupa. Mwenye goti tu ndiye asiyejua.

"Hilo libuibui lako limeshakula?" Bibi akauliza. "Lisije likaning'ata."

"Limeshiba, mama," akajibu binti yake, Mhandisi Atuganile. Yeye ndiye aliyeliunda. Miaka kumi na moja alikuwa amemtazama mama yake akishuka ngazi kinyumenyume, ameshika ukuta.

Baada ya dakika ishirini Bibi alisimama. Akachuchumaa. Akainuka. Akachuchumaa tena katikati ya wauguzi, kanga kaifunga kiunoni, akaanza kulia. Jioni ile akapanda behewa la angani kurudi kwake Tukuyu, na kesho yake alikuwa amepiga magoti kwenye shamba la viazi, anapalilia.

Sasa, goti lililonyamazishwa haliwezi kujitetea. Kwa hiyo kila mgonjwa alipewa kiulizi, kisanduku cha ukubwa wa kipande cha sabuni, chenye taa ndogo, kinachotundikwa ukutani. Kila asubuhi kilimsalimia mgonjwa, kikamuuliza hali, na kupeleka jibu hospitalini Mbeya. Kikisikia shida, muuguzi alitumwa. Atuganile alikipa sauti yake mwenyewe ili wazee wasiogope. Wagonjwa walikuwa mia tisa, na mtambo wa kusikiliza ulikuwa mmoja, unaofanya kazi saa moja hadi saa mbili asubuhi. Akapiga hesabu: kila mgonjwa asikilizwe sekunde nne.

Siku ya tisa jirani, Mama Lugano, alipiga simu.

"Atuganile, njoo upesi. Mama yako ana homa kali. Anaongea na marehemu baba yako."

Alimkuta mama yake kitandani, goti limevimba kama papai, ngozi inang'aa. Chini kidogo ya kifuniko cha goti palikuwa na alama nyeusi. Kibanzi cha mwanzi kilikuwa kimezama pale shambani, kikafika ndani ya kiungo, kikakiozesha kwa siku sita, na hakikuuma hata mara moja. Kufikia alasiri, hospitalini Mbeya, mguu ulikuwa umekatwa juu ya goti.

Atuganile alikwenda chumba cha kumbukumbu kujua kwa nini hakutumwa muuguzi. Asubuhi zote sita ziliandikwa: hali nzuri. Akafungua sauti.

"Shikamoo, mama. Habari za goti?"

"Marahaba, mwanangu. Nzuri tu, Mungu mkubwa. Ila..."

Sekunde nne zikaisha, sauti ikakatika. Akafungua ya siku iliyofuata.

"Marahaba. Nzuri, nzuri. Umeshakunywa chai? Ila hili goti..."

Hata siku ya sita, sauti imekauka, bado ilianza na nzuri. Angeanzaje vingine? Nani anasalimiwa asubuhi akaanza na usaha? Unajibu wema kwanza, unamuuliza na mwenzako, ndipo unaingiza ugonjwa. Atuganile mwenyewe alilelewa hivyo, na kila siku alijibu hivyo. Siku ile anaandika sekunde nne hakulikumbuka hilo.

Akaagiza wagonjwa wote watembelewe nyumbani kwao. Hadi saa kumi jioni kesho yake walikuwa wamepatikana wengine saba wenye viungo vinavyooza bila kuuma.

Alipoingia wodini, mama yake alikuwa macho.

"Mama, kwa nini hukumwita mtu?"

"Nimwite nani tena? Si nilikwambia wewe. Kila siku nilikwambia. Nikasogeza na goti pale ukutani ulione lilivyovimba. Ukanyamaza. Nikasema, huyu ndiye fundi, kungekuwa na jambo angesema."

Atuganile akavuta kiti. Akaeleza juu ya sauti yake iliyorekodiwa mara moja tu, juu ya sekunde nne, na jinsi kisanduku kilivyojifunga huku taa yake ikiendelea kuwaka. Yalikuwa maneno mengi. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, bila kumkatiza, mkono wake ukilainisha shuka mahali ambapo hapakuwa na mguu tena.

"Kwa hiyo hukuwa wewe."

"Sikuwa mimi, mama."

"Na Jumatano? Nilikaa pale hadi jua likaingia ndani. Nikakusimulia habari ya mdogo wako, yule aliyefariki kabla hajapewa jina. Sikuwahi kumwambia mtu, hata baba yako hakuijua yote." Akamtazama binti yake. "Nilikuwa namwambia nani?"

"Hakuna aliyesikia, mama." Atuganile akamshika mkono. "Niambie sasa. Nipo."

Bibi Tusekile akautoa mkono wake taratibu, akajifunika shuka hadi kifuani.

"Hapana," alisema. "Ile ilikwisha kusemwa."