Kijiti Kilichokwenda Kibondo

Kila siku saa tisa, kengele ya shule ikigongwa, Aline alikuwa wa kwanza kufika barabarani. Si kwamba alikuwa na haraka ya nyumbani. Alikuwa na haraka ya habari. Pale mwanzo wa mteremko wa Nyamugali, upande wa Kasulu, magari yalipanga foleni kusubiri ruhusa, na foleni ni baraza: utajua nani kaoa, nani kagombana, na mahindi yanauzwaje Mabamba.

Barabara ilikuwa inajengwa. Kwa kilomita tatu ilibaki njia moja nyembamba, huku ukuta wa udongo, huku korongo, na kona zisizoruhusu macho kuona mbele. Taa mbili ndizo zilizoongoza magari, moja upande wa Kasulu, nyingine upande wa Kibondo, ambako ndiko kwao Aline. Taa ya Kasulu ilisimamiwa na Bi Safina, mwembamba wa mwili, mnene wa maneno, aliyewahi kufanya kazi kwenye treni ya mjini Dar es Salaam. Ile ya Kibondo ilisimamiwa na kijana Lukmani.

Siku hiyo mvua ilinyesha tangu asubuhi. Betri zikaloa, taa zote mbili zikazimika. Simu nazo hazishiki katika bonde lile. Bi Safina akatoa kijiti chekundu, urefu wa mkono. Kilikuwa kimoja tu. Gari la mwisho katika kundi lilikibeba hadi ng'ambo. Lukmani akikipokea, alijua njia ni tupu, akaachia magari yake, na gari lao la mwisho likakirudisha. Bila kijiti, hakuna gari kuingia.

"Hata akija nani?" Aline aliwahi kumwuliza.

"Hata akija mkwe wangu na mahari mkononi," Bi Safina alijibu. "Treni mbili kwenye reli moja, mwanangu, hazisalimiani."

Aline alipanda nyuma ya pikapu ya Saady, muuza maharage aliyekuwa akirudi Kibondo. Ilikuwa ya mwisho. Saady alikuwa ameshaondoa gari pale Bi Safina alipolikimbilia na kumtia Aline kijiti mkononi.

"Mpe Lukmani mwenyewe! Umesikia?"

"Nimesikia, Bi Safina!"

Katikati ya mteremko, juu kidogo ya njia, ilikuwa nyumba ya kina Winnie, rafiki yake. Uani palifungwa turubai, watu wamejaa hadi jikoni.

"Aline! Shuka, we!" Winnie aliita. "Wakwe wa dada wamefika! Kuna wali na soda, na bwana harusi mwenyewe ana kipara!"

Nani angeliacha jambo kama hilo limpite? Aline aligonga paa la pikapu, Saady akapunguza mwendo, msichana akaruka chini. Kijiti kilibaki juu ya magunia, kikaenda zake Kibondo.

Alikula, akacheka, akamchungulia bwana harusi. Kipara kilikuwepo kweli. Saa nzima ilipita kabla mama mmoja hajasema, "Leo magari yamekwenda wapi? Barabara imenyamaza kama ina msiba."

Aline aliweka tonge chini. Alitazama mikono yake mitupu.

Alielewa yote mara moja. Lukmani amemwuliza Saady kijiti, Saady amesema hakupewa, basi Lukmani anadhani liko gari jingine nyuma. Anasubiri. Bi Safina naye anasubiri. Pande zote watu wananyeshewa, na aliyejua kwamba njia ni tupu alikuwa yeye peke yake.

Alimnong'oneza Winnie.

"Nyamaza tu," Winnie alisema. "Nani atajua? Watasema ni Saady."

Aline akanyamaza. Alipita njia ya kilimani, kwenye mashamba ya mihogo, asionane na Lukmani. Kila hatua ilikuwa nzito, na mvua haikuwa sababu.

Nyumbani alikuta kufuli. Jirani yao, Bibi Niyomwungere, alikuwa amekaa barazani, mikono kichwani.

"Mjukuu wangu, ulikuwa wapi? Fidele kashikwa na degedege! Zahanati wameshindwa, wamempa gari la wagonjwa aende Kasulu na mama yako."

"Wameshafika?"

"Wafike wapi! Wako kwenye foleni kwa Lukmani, barabara imefungwa. Wanasema Saady kafanya ujanja na kijiti."

Fidele alikuwa na miaka miwili. Kila jioni alimsubiri dada yake mlangoni akiita "Arine! Arine!" kwa kuwa ulimi wake ulikuwa bado haujalikubali jina. Aline alikimbia kwenda kwenye foleni ya Lukmani.

Foleni ilikuwa ndefu: basi, malori, bodaboda. Gari la wagonjwa lilikuwa mbele kabisa, mlango wazi, muuguzi akimpangusa mtoto kwa kitambaa kibichi. Mama hakulia. Alikuwa akiita tu jina la mwanawe, taratibu, kama mtu anayeita ndani ya nyumba isiyo na watu.

"We bwana, unalinda mti au unalinda watu?" konda wa basi alimfokea Lukmani.

"Nikikuachia ukakutana na lori kwenye kona, utamlilia nani?" Lukmani alijibu. Alisimama katikati ya njia na bendera yake.

Aline angeweza kusema alimwona Saady akikitupa. Uongo ulikuwa tayari ulimini. Ndipo akaona mguu mdogo wa Fidele ukining'inia, soksi ya njano imelowa.

"Ni mimi," alisema. Hakuna aliyesikia. "Ni mimi niliyepewa kijiti! Nilishuka kwa kina Winnie, nikakisahau kwenye magunia. Saady hajui lolote. Pikapu yake ndiyo ilikuwa ya mwisho!"

Foleni yote ilimgeukia.

"Mana yanje," mama alisema kwa Kiha, yaani Mungu wangu. Neno hilo lilimchoma Aline kuliko kofi.

"Kumbe tumefungwa jela na denti aliyefuata wali!" konda alisema.

Lukmani aliinama. "Nitazame. Nyuma yenu hapakuwa na gari? Una hakika?"

"Nina hakika. Bi Safina alitukimbilia, na nyuma yake barabara ilikuwa tupu."

Lukmani akageukia abiria. "Jamani, kweli ni hii. Kijiti kimekwenda na pikapu ya Saady, na simu hazishiki. Naingia na gari la mgonjwa peke yake, maana sijui kama kule wamechoka kusubiri wakaachia. Basi likae katikati ya njia, mtu asipite. Nitarudi, lakini itachukua saa nzima." Walinung'unika, lakini dereva wa basi aliziba njia kama alivyoambiwa.

Lukmani alikaa mbele na Aline. Kwenye kila kona alishuka, akatangulia kwa miguu na bendera nyekundu, gari likimfuata polepole likipiga honi. Aline alihesabu kona, na nyuma yake sauti ya mama ilikuwa ikififia. Mwisho wakamwona Bi Safina, amepakwa matope na madereva wenye hasira. Hakuwa ameachia hata baiskeli.

Hospitalini Kasulu, Fidele alilala siku mbili bila kufumbua macho. Aline hakula, na hakuna aliyemlazimisha. Siku ya tatu, alfajiri, midomo midogo ilisogea. "Arine."

Mchana Bi Safina alifika wodini na chupa ya uji. Saady alimfuata nyuma, kijiti mkononi.

"Nisamehe, kaka Saady," Aline alisema, macho chini.

"Nimetukanwa hadi na mke wangu," Saady alijibu. "Lakini nimesikia ulivyosema mbele za watu. Yameisha."

Bi Safina alikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Mimi nami nimekosa. Kijiti hukabidhiwa dereva, si mtoto. Nimeshamweleza msimamizi wangu. Mjini, taa za reli zikifa, kituo hujaa watu na matusi. Tulifunzwa kuwaambia kweli, hata kama kweli yenyewe ni 'sijui' au 'nimekosea', kwa sababu taa ikizimika watu huongozwa na neno la mtu. Kusahau kwako sikulaumu, Aline. Nalaumu ile saa uliyojificha. Kweli iliyochelewa hufika, mwanangu, ila siku nyingine itafika imkute mtu hayupo."

Aline alishika mguu wa Fidele, uliokuwa sasa na joto la kawaida, asiuachie.