Malizia Mguu wa Pili

Nikikwambia mimi ndiye niliyetengeneza baiskeli ya katekista mpaka ikapanda mlima wa Nyamache kama inateremka, usicheke. Shule niliiacha darasa la nne, lakini chuma hakijawahi kuniuliza cheti. Nimekata chuma cha kila aina hapa Kisii. Nyamweya Fundi, ulizia pale Masimba.

Ila kuna chuma kimoja nilikikata mwaka wa sitini na sita. Hicho sijisifu nacho.

Jioni hiyo nilifunga kibanda, nikatia msumeno wa chuma mkobani, nikaenda kwa dada yangu Nyanchera. Alikuwa ameolewa nyuma ya Nyamache na bwana mmoja, Machogu. Aliolewa kwa sherehe kamili, akafungwa ebitinge: pete za chuma, tatu kila mguu, juu ya kifundo. Mwanamke wa ebitinge alikuwa mke wa kweli, si wa kuokotwa njiani. Siku alipofungwa mama yetu alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Sasa miguu ilikuwa imevimba. Nyama ilikuwa imepanda juu ya chuma kama uji unaofurika kwenye sufuria. Daktari wa misheni alisema vyuma vitoke wiki ile, au ataikata miguu.

Machogu alikataa. Hakuwa mtu mbaya. Kila asubuhi alimpaka samli, huku analia. Lakini ebitinge havivuliwi mume angali hai.

"Mnataka kunizika nikipumua?" aliniuliza.

Kwa hiyo nilingoja aende Magwagwa kutafuta dume la ng'ombe. Angelala huko.

Nilimkuta Nyanchera kwenye ngozi, karibu na moto. Watoto wake wawili alikuwa amewapeleka kwa jirani. Harufu ya miguu ile... wacha tu.

"Momura ominto," alisema, yaani kijana wa kwetu. "Umechelewa."

"Nimefika. Fundi hachelewi, kazi ndiyo humngoja."

"Acha maringo. Kata."

Niliuacha mlango wazi nipate mwanga. Nikachomeka ganda la mgomba kati ya chuma na nyama, nikaanza na mguu wa kushoto. Krr. Krr. Krr. Aliuma shuka. Pete ya kwanza ikatoka. Ya pili. Ya tatu ilitoka na ngozi.

Nilipogusa mguu wa kulia, giza lilikuwa limeingia.

Mtu akakohoa uani.

Tukatazamana. Kikohozi kile tulikijua. Ikafuata harufu ya ugoro wake.

Niliruka nikafunga mlango.

"Shemeji," Machogu aliita, polepole. "Uko ndani. Najua."

Niliweka jicho kwenye ufa. Alisimama katikati ya ua, kofia mkononi kama mtu aliyekuja kuomba. Mguu wa kulia ulikuwa umekanyaga chini. Wa kushoto... Kuku mmoja, akirudi kulala, alipita pale mguu wa kushoto ulipopaswa kuwa. Alipita moja kwa moja. Hakukwepa.

"Umeniacha nusu," alisema. "Upande mmoja uko, mwingine hauko. Siwezi kurudi. Siwezi kwenda. Shemeji, nihurumie..."

Akaanza kulia. Kilio kile kile cha samli.

"Malizia," akasema kutoka uani.

Niligeuka. Nyanchera alikuwa amenyoosha mguu wa kulia mbele yangu. Jasho lilimtiririka.

Nikikata, ninamuua Machogu. Nisipokata, dada yangu anakufa, na yule wa uani atabaki nusu.

Nilikata.

Sijui nilikata vipi. Mimi, fundi wa mafundi, nilijikata kidole na sikuhisi. Pete ya mwisho ilipolia chini, nje kukasikika pumzi ndefu, kama ya mtu anayetua mzigo.

Nilipofungua mlango, ua ulikuwa mtupu.

Kesho yake mchana alifika Ondieki, aliyekwenda na Machogu Magwagwa.

"Alianguka sokoni, jua likizama," alisema. "Mguu wa kushoto ulikataa kwanza. Akacheka, akasema umekufa ganzi. Halafu akaacha kucheka. Akaita shemeji yake, akaita... Muda wa kupika ugali hivi, akakata roho."

Daktari alisema ni damu ya kichwa, huwapata wengi. Mchana huwa nakubaliana naye.

Baada ya mazishi, Mzee Obwocha, baba mdogo wa marehemu, alituketisha. Alimwaga zile pete sita chini.

"Sina maswali mengi," alisema. "Nani alivikata? Na jua lilikuwa limezama, au bado?"

Jibu la hilo la jua ndilo lililobeba kifo. Baada ya jua, nimemvua mjane. Kabla ya jua, mimi ni muuaji. Nilifungua mdomo.

"Ni mimi," Nyanchera alisema. "Nilivisaga kwa jiwe. Jua lilikuwa juu."

Mzee aliinua pete moja, akatazama ulipopita msumeno, akanitazama mimi. Sana. Kisha akaiweka.

"Basi rudi kwenu. Watoto ni wetu."

Mimi ninayeongea mpaka jogoo achoke, sikusema neno. Nilisikia mtoto mdogo akiitwa ndani, na mlango ukifungwa.

Nilimpakia Nyanchera kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, nikamsukuma kuelekea misheni. Tulipanda mlima. Karibu na kileleni nikasema, "Dada, kwa nini uliwadanganya? Jua lilikuwa limezama. Nilipoanza, lilikuwa limezama kabisa."

Tulipita kileleni, tukaanza kuteremka.

"Mlango ulikuwa wazi, Nyamweya," alisema. "Lilikuwa linaniwaka machoni."