Lita Zilizoandikwa Bila Kupimwa

Kila Jumamosi, akishamaliza kufua sare zake za shule na kuzianika, Kipimo alikwenda kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba kumsaidia shangazi yake. Jina hilo alipewa na shangazi mwenyewe, maana tangu akiwa mdogo mtoto yule hakukubali kukisia kitu. Ukimtuma kikombe cha unga, alikisawazisha juu kwa kisu kabla ya kukuletea. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na hata Bibi alikuwa amesahau kumwita jina lake la kuzaliwa.

Shangazi alikuwa rubani wa paramota. Chombo hicho hakina viti wala mabawa ya chuma. Ni mwavuli mpana wa kitambaa, na chini yake ananing'inia mtu aliyebeba mgongoni injini ndogo ya petroli yenye pangaboi. Shangazi aliruka nacho kuwapigia watu wa idara ya maji picha za mito na mabwawa. Injini yake ilikuwa imechoka. Bibi, ambaye naye alikuwa na kifua kibovu, alisema kwamba mashine ile inakohoa kumshinda yeye.

Safari iliyokuwa mbele haikutaka injini ya kukohoa. Siku ya Jumanne shangazi alitakiwa kuvuka kinamasi chenye upana wa kilomita mia moja na ishirini, matete na maji mwanzo mpaka mwisho, pasipo hata mahali pakavu pa kutua. Anayeanguka majini na injini mgongoni huzama nayo. Kwa hiyo muuzaji wa mashine alikuwa amemwachia paramota mbili azijaribu, moja nyekundu na moja ya bluu, na Jumatatu angekuja kuchukua ile itakayokataliwa.

"Hii nyekundu, dada, utanishukuru," muuzaji alikuwa amemwambia. "Ina nguvu, inawaka kwa kitufe, na mafuta inanusa tu."

"Kizuri chajiuza," shangazi alimjibu. "Iache ijiuze yenyewe."

Kipimo alikwisha kuichagua nyekundu kimoyomoyo. Ile ya bluu iliwashwa kwa kuvuta kamba na ilionekana kama pampu ya kumwagilia bustani. Isitoshe, alikuwa amewatangazia wenzake wa darasa la sita kwamba shangazi yake atapita juu ya shule na mashine nyekundu kama pilipili.

"Kwa safari ndefu usiangalie rangi," shangazi alimwambia Jumamosi ile wakichanganya petroli na oili. "Angalia inakula kiasi gani kwa saa, na kama mgongo wako utaiweza. Mengine ni mapambo."

Utaratibu wao ulikuwa huu. Shangazi alijaza tangi lita kumi na mbili, akaruka kwa muda wa saa moja kamili akiangalia saa ya mkononi, kisha akatua. Wakati yeye akikunja mwavuli uwanjani kabla upepo haujauvuruga, Kipimo aliipeleka mashine bandani kwa toroli, akanyonya petroli iliyobaki kwa pampu ya mkono na kuipima katika jagi lenye mistari. Alichokisoma alikiandika kwenye daftari la safari.

Ya bluu ilitangulia. Zilibaki lita 8.2. Kipimo alisoma mstari mara mbili akaandika.

Ilipofika zamu ya nyekundu, wenzake watatu walikuwa wamekuja kuchungulia kwenye uzio. "Vaa helmeti tukuone," mmoja akaomba. Kipimo akavaa. Akasimama kando ya mashine, mkono kiunoni, kama rubani aliyetoka mbali. Nyuma yake mpira wa pampu ukachomoka kwenye jagi, na petroli ikamwagika sakafuni. Alipogeuka, zulia la maji yenye rangi rangi lilikuwa limefika mlangoni.

Wenzake wakatoweka. Kipimo akafuta kwa matambara, akafungua madirisha yote. Kiasi kilichobaki hakijulikani tena. Dawa yake ilikuwa sentensi moja tu: "Shangazi, nimemwaga, tupime upya." Lakini angeulizwa alikuwa akifanya nini, na yeye ndiye Kipimo. Akashika kalamu, akaandika 8.5.

Shangazi alipolisoma daftari alikunja uso. "Kumbe yule bwana hakudanganya. Injini kubwa hivi, inakula lita tatu na nusu tu?" Kipimo aliinamia kamba za viatu vyake, ambazo hazikuwa zimefunguka. "Haya," shangazi akasema, "kama ni wewe umepima, basi. Tunachukua nyekundu."

Hilo ndilo alilolitaka, lakini halikumpa furaha hata chembe. Aibu ilimkaa kifuani. Jumapili aliiosha mikono yake mara nne na bado aliisikia harufu ya petroli. Kwenye chakula cha mchana alikuwa akichezea kijiko tu wakati Bibi alipouliza swali ambalo huuliza kabla ya kila safari.

"Mwanangu, una hakika mafuta yatakufikisha?"

"Mama, hesabu ya mafuta haikufanywa kwa kukisia," shangazi akajibu, akimpigapiga mjukuu begani. "Amepima huyu."

Bibi akaridhika, akaendelea kula. Kipimo alitamani ardhi ipasuke immeze na kijiko chake.

Jumatatu shule ilikuwa imefungwa kwa likizo fupi ya katikati ya muhula. Muuzaji alikuja na gari lake dogo la mizigo, akaipakia ile ya bluu, akaanza kuifunga kamba. Kipimo alikuwa akimzunguka shangazi kama kuku anayetaka kutaga.

"Shangazi, mimi naona tuchukue ya bluu."

"Juzi uliiita pampu ya bustani."

"Rangi yake nimeipenda sasa."

Shangazi akacheka. Muuzaji akacheka pia, akavuta fundo la mwisho. Kipimo aliona kwamba amedanganya tena, na uongo wa pili haukumsaidia zaidi ya ule wa kwanza. Akalisikia gari likiwashwa.

"Nilimwaga," akasema. "Ile petroli ya nyekundu niliimwaga. Nilikuwa nimevaa helmeti yako najionyesha. Sikupima, shangazi. Niliandika tu."

Muuzaji akazima gari. Bibi, aliyekuwa kizingitini, akakaa chini taratibu. Shangazi hakufoka, na kama angefoka ingekuwa nafuu. Alimtazama tu, kisha akamwambia muuzaji, "Ndugu yangu, nisubiri saa moja na nusu."

Akaijaza nyekundu lita kumi na mbili, akaruka. Kwa saa nzima Kipimo alisimama uwanjani bila kuthubutu kumwangalia Bibi. Mashine ilipotua, shangazi mwenyewe alishika mpira wa pampu, naye Kipimo akashika jagi kwa mikono miwili. Wote wanne waliinama kusoma. Zilikuwa zimebaki lita 7.1.

Shangazi akapiga hesabu nyuma ya daftari. "Inakula karibu lita tano kwa saa. Mimi nakwenda kilomita arobaini na tano kwa saa. Ingezimika kilomita ya mia na kumi." Akainua macho. "Zingenibakia kilomita kumi za matete."

Muuzaji alijikuna kisogo, akaenda kuifungua ile ya bluu bila kuambiwa. Kipimo alilia mpaka kwikwi zikamshika.

"Lete kalamu," shangazi akamwambia baadaye. "Usifute. Daftari la safari halifutwi. Kata namba yako kwa mstari mmoja isomeke, andika ya kweli kando yake, kisha andika sababu." Kipimo akaandika: *Nilimwaga nikakisia.* Maneno mawili yale yalikuwa mazito kuliko insha yoyote aliyowahi kuandika.

Jumanne asubuhi mashine ya bluu ilipita juu ya mapaa ikinguruma kwa upole. Wenzake walimkimbilia kwenye uzio. "Si ulisema nyekundu?" wakamcheka. Kipimo alihisi uso ukimwaka, lakini akawasimulia yote, hata habari ya helmeti. Waliacha kucheka alipofika kwenye kilomita kumi.

Simu ya Bibi iliita karibu na saa sita mchana. "Nimetua," shangazi akasema. "Mpe huyo mtoto. Kipimo? Upepo ulinikaba njiani. Nimebakiwa na lita moja na robo. Andika."

Kipimo akaandika, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Shangazi, bado utaniita jina hilo?"

Shangazi akamjibu. "Kumwaga si dhambi, hata mimi nimemwaga mara nyingi. Na kosa langu nalo lipo: niliridhika na jaribio moja tu, nikaamini kwa sababu nilipenda kuamini. Kuanzia sasa tunapima mara mbili, wewe na mimi. Lakini shika hili, mwanangu. Namba uliyoiandika kuficha aibu yako, kuna mtu ataibeba mgongoni na kuruka nayo. Mara nyingine aibu ikikushika, iache ikushike wewe peke yako, useme kweli mapema. Haijaua mtu." Akakohoa, kisha akaongeza, "Sasa osha jagi, Kipimo. Narudi kesho."