Vumbi Lililolowa

Saa moja asubuhi, fundi wa mashine alifungua kabati la chumba cha mazoezi akapiga kelele. Fuvu halimo! Lilikuwa fuvu la plastiki, nakala halisi ya kichwa cha mtoto wa miezi minane ambaye mifupa yake imeungana kabla ya wakati na inaubana ubongo. Bila nakala hiyo ya kupimia, kesho hapasuliwi mtu.

Aliitwa mkuu wa walinzi, askari mstaafu ambaye wote walimwita Kamanda. Alikuja akiburuta miguu, magoti yanamuuma, hospitali nzima imemchosha. Kufuli lilikuwa zima. Mezani palikuwa na msumeno mdogo na vumbi jeupe. Akaligusa, likamnata kidoleni kama unga uliolowa.

"Funguo unazo wewe," alimwambia fundi.

"Na daktari mwanafunzi, na Bingwa. Mbona unanikazia macho mimi peke yangu?"

Jana Bingwa, daktari mkuu wa upasuaji, alimfokea mwanafunzi wake mbele ya wenzake, na kamba hukatikia pabovu: watu walishamhukumu yule binti. Kamanda akamwita.

"Dada, ulirudi kulikata fuvu la mtoto?"

"Nilikata la kwangu la mazoezi jana mchana. Lile pale."

Vumbi la fuvu lake lilikuwa kavu, likipeperuka.

"Hukulimwagia maji?"

"Ya nini, Kamanda? Mfupa ndio tunaumwagia, usiungue. Plastiki haina uhai. Ni Bingwa tu anayemwagia hata plastiki. Anasema mkono usifundishwe tabia mbili."

Kamanda akashusha pumzi. Lo! Afadhali angekuwa mwizi wa kweli.

Alimkuta Bingwa ofisini.

"Mwalimu, vumbi limelowa."

Bingwa akalitoa fuvu mkobani. Mkato ulikuwa umeuvuka mstari, ukazama mahali pa ubongo.

"Mkono unatetemeka, ndugu yangu. Nilikuja alfajiri kujijaribu. Miaka yote hii naitwa Bingwa. Niliona haya, nikalificha ili kazi iahirishwe."

"Na binti wa watu abebeshwe wizi?"

"Nimechoka, Kamanda."

"Sote tumechoka. Twende kwa mama wa mtoto."

Wodini mama alikuwa akimbembeleza mwanawe. Bingwa akachuchumaa, akasema yote bila kuficha, mwanafunzi wake kasimama nyuma. Fuvu jingine litachapwa kwa mashine leo, na upasuaji ataufanya huyu binti aliyemfundisha.

Mama alimtazama binti, akamrudia Bingwa.

"Basi akate hilo la plastiki kwanza, mimi nikiwa nimesimama hapo hapo," akasema. "Nawe umwelekeze, mpaka mimi niseme basi."