Mkamwana wa Saruji

Danieli alipoingia jikoni, mkewe Verediana alijifunika kanga gubigubi, akambeba mtoto wao mchanga na kutokea mlango wa nyuma. Danieli akacheka. Alidhani anataniwa, maskini.

Mwaka ule wa 1954 walikuwa wametoka Iringa kuja Mbeya kwa kazi ambayo fundi yeyote angeiringia: kujenga sanamu mbele ya kanisa, ukumbusho wa waliotoroka utumwani na waliowaficha. Alisimuliwa kisa cha mwanamke wa Kinyakyusa aliyechoropoka kwenye msafara wa watumwa, akakimbilia kwa baba mkwe wake, naye mzee akamficha ghalani mpaka msafara ukapita. Danieli hakuuliza zaidi. Aliwajenga kwa saruji wameshikana mikono, wanatazamana machoni. Siku ya kuifunua, wanawake waliinamisha vichwa na kupita upande wa pili wa barabara. Yeye akadhani ni heshima.

Tangu siku hiyo nyumba ilinuka saruji mbichi, hata ugali ulinuka. Verediana hakula alichokigusa mumewe, akisikia kikohozi chake tu alitimkia migombani kwenye ukungu na baridi ya Juni, maziwa yakamkauka, mtoto akalia mpaka sauti ikawa nyembamba kama ya paka, na kila Danieli alipowasogelea, ndani ya kanga ilitoka sauti isiyo ya mkewe, ikisihi "Tata! Tata!" na maneno mengine kwa Kinyakyusa, lugha ambayo Verediana hakuijua hata salamu yake.

Danieli alimkimbilia jirani yao Bibi Ikupa, mganga, akamleta migombani.

"Bibi, mtoto ananifia. Mama yake anasema nini?"

Bibi Ikupa alisikiliza, akashusha sauti. "Anasema, 'Baba, usinitazame.' Wewe mwanangu, umefanya nini? Kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani uso, hata njiani wanakwepana. Yule mzee alimficha amempa mgongo, chakula anamsukumia kwa fimbo. Wewe umewashikanisha mikono mbele ya watu! Yule mwanamke ameona aibu, amekuja kujificha ndani ya mkeo, na wewe uliyemjenga mzee anakuona ndiwe baba mkwe wake."

"Nifanyeje?"

"Mgeuze mzee."

"Saruji haigeuki, Bibi!"

"Basi chimba kaburi la mtoto."

Danieli alichukua nyundo. Aliivunja mikono iliyoshikana, kisha akampiga mzee shingoni huku analia, watu wa kanisa wakimpigia kelele, akapiga mpaka kichwa kikang'oka, akakibandika upya kwa saruji kikiangalia nyuma, upande wa mgongo.

Aliporudi nyumbani, harufu ilikuwa imekwisha. Alikuwa anaegemeza nyundo ukutani aliposikia nyuma yake mtoto akinyonya kwa pupa, na sauti ya Verediana mwenyewe, ile aliyoililia.

"Baba Eliezeri, mbona umekonda hivyo? Njoo umwone mwanao."

Danieli aligeuka kwa furaha. Mabega yaligeuka, kifua kikageuka, miguu ikageuka. Uso ulibaki umeelekea ukutani.

"Baba Eliezeri," mkewe aliita, sasa kwa hofu, "mbona hunitazami?"